Baba amesaini karatasi za Kiingereza. Zinamfunga?

SWALI: "Baba yangu ana miaka 71, ni mkulima wa korosho na ufuta mkoani Lindi. Mwezi wa tano walikuja watu wa kampuni inayotafuta madini ya kinywe (grafiti). Kikao kilifanyika chini ya mwembe, jirani na ofisi ya mtendaji wa kijiji. Walieleza kwa Kiswahili kwamba wanaomba kuchimba mashimo ya majaribio na kwamba kila mwenye shamba atapewa shilingi 300,000 za kwanza. Baba akasaini, akapewa hela na nakala ya kurasa tisa, zote Kiingereza isipokuwa aya moja ya Kiswahili mwishoni. Nilipokuja likizo niliisoma kwa msaada wa kamusi. Nimeona habari ya miaka kumi, na mahali pengine 'malipo ya mwisho'. Lugha ya baba hasa ni Kimwera. Kiswahili anaongea, Kiingereza hajui hata neno. Hapa kijijini wengine wanasema tusihangaike, tangu sheria ya 2021 karatasi ya Kiingereza ni batili. Wengine wanasema ukishasaini umekwisha. Baba ameacha kupanda miche mipya ya mikorosho, anasema hajui tena shamba ni la nani. Awamu ya pili ya hela inakuja mwezi ujao. Tufanye nini?"

JIBU:

Dada yangu, nianze na hela ya mwezi ujao, kwa kuwa hiyo ndiyo yenye tarehe. Mzee asiipokee kwanza, na asiweke sahihi wala dole gumba kwenye daftari la malipo. Sababu nitaieleza mbele, ila hata ukiishia kusoma hapa, hilo mfikishie leo.

Sasa wasiwasi wenyewe. Ninavyokuelewa, masikio ya mzee yalisikia jambo moja na mkono wake ukasaini jingine, na hujui sheria itafuata sikio au mkono. Kijiji kimekupa majibu mawili, na yote mawili yana kasoro.

Hili la sheria ya 2021 nalisikia mara kwa mara huku kwetu, na naelewa linakotoka. Tarehe 1 Februari mwaka huo, kwenye Siku ya Sheria jijini Dodoma, Rais Magufuli alimsifu hadharani Jaji Zephrine Galeba kwa kuandika hukumu kwa Kiswahili akiwa Mahakama Kuu Musoma, na siku hiyohiyo akamteua kuwa Jaji wa Mahakama ya Rufani. Mwezi huohuo Bunge likapitisha marekebisho yaliyogusa Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1. Watu wakasikia redioni kwamba Kiswahili sasa ndiyo lugha ya sheria, wakamalizia wenyewe kwamba Kiingereza kimefutwa.

Marekebisho yale yanahusu mambo mawili. La kwanza ni lugha ya sheria za nchi. La pili ni lugha ya mahakama, mabaraza na vyombo vingine vyenye kazi ya kutoa haki: ni Kiswahili, na pale ambapo haki inadai Kiingereza kitumike, mwenendo na uamuzi huo lazima upatikane pia kwa Kiswahili. Hapo ndipo yanapoishia. Karatasi ya mzee wako na kampuni si sheria ya nchi wala si hukumu, ni mapatano ya watu wawili, na watu wawili wanaweza kuyaandika kwa Kiingereza, kwa Kichina au kwa Kimakonde wakitaka. Mkienda barazani na hoja kwamba karatasi ni batili kwa sababu ni ya Kiingereza tu, wakili wa upande wa pili atawashukuru, maana mtakuwa mmeacha hoja yenu nzuri nyumbani.

Sisemi sheria ile haina faida kwenu. Mkifika kwenye shauri, mzee ana haki ya kusikilizwa kwa Kiswahili na kupata uamuzi anaoweza kusomewa na mjukuu wake. Miaka ya nyuma nilishaona mtu anashinda kesi ya shamba, kisha anazunguka mtaani na bahasha kutafuta wa kumweleza kama ameshinda au ameshindwa. Lakini faida hiyo ni ya chumba cha shauri, haifuti sahihi iliyowekwa chini ya mwembe.

Kundi la pili, la "ukishasaini umekwisha", liko karibu zaidi na ukweli, ndiyo maana nalo ni la hatari. Mahakama huanza na dhana kwamba mtu mzima mwenye akili timamu akisaini, amekubali yaliyoandikwa. Kusema "sikusoma" hakutoshi. Mimi na wewe tumesaini fomu za benki na za laini za simu bila kusoma hata ukurasa mmoja, na zinatufunga. Ila dhana hiyo ni mwanzo wa safari tu.

Sheria yetu ya Mikataba ni ya mwaka 1961, na sehemu kubwa ya maneno yake ilichukuliwa kutoka sheria ya India ya 1872. Humo kuna kanuni fupi: watu wanahesabiwa kuwa wameridhiana pale wanapokubaliana jambo lilelile kwa maana ileile. Irudie taratibu. Waliotunga hawakudai lugha ileile, walidai maana ileile. Kisha wakaongeza kwamba ridhaa hiyo iwe huru, yaani isitokane na shuruti, ushawishi usiofaa, udanganyifu, maelezo ya upotoshaji au makosa.

Kwa hiyo swali la kuuliza kuhusu karatasi ya mzee ni hili: maneno aliyoambiwa kwa Kiswahili yalikuwa na maana ileile na maneno yaliyoandikwa kwa Kiingereza? Kama ndiyo, ameingia mkataba halali hata kama hakuelewa neno moja la ukurasa. Kama hapana, mlango uko wazi.

Mlango huo una vyumba viwili, na watu huvichanganya. Cha kwanza ni mkataba unaoweza kubatilishwa. Huo uko hai mpaka aliyepotoshwa auvunje. Akijua kilichomo, kisha akanyamaza au akaendelea kula matunda yake, atahesabiwa kuwa ameuridhia. Sasa umeona kwa nini nilianza na ile hela. Alipopokea awamu ya kwanza hakujua. Akipokea ya pili baada ya wewe kumsomea, anajua. Chumba cha pili ni mkataba ulio batili tangu mwanzo kwa sababu mtu alidhani anasaini kitu cha aina nyingine kabisa, kwa mfano aliambiwa ni karatasi ya mahudhurio kumbe ni hati ya mauzo. Mahakama hazikifungui kwa urahisi. Mzee wako alijua anaruhusu jambo fulani shambani na alipokea hela kwa ajili yake, hivyo mimi ningeegemea chumba cha kwanza.

Nikuulize kuhusu zile kurasa tisa: unadhani ziliandikwa kwa ajili ya nani? Si kwa ajili ya baba yako. Kampuni ya utafiti mara nyingi haina mgodi wala uhakika wa kuwa nao. Ina leseni na matumaini ya kumpata mwenye mtaji, na huyo, awe London au Perth, atamtuma wakili wake akague makaratasi: mmeruhusiwa na wenye mashamba, kwa muda gani, kuna madai yoyote? Karatasi ya mzee imeandikwa ijibu maswali hayo. Bei ya kinywe ikipanda, miaka kumi ni mali. Ikishuka, kampuni inaondoka bila kudaiwa. Wamemnunulia mzee muda wa kusubiri kwa shilingi 300,000, na mashaka yote ya soko yamebaki kwake, ndiyo maana hapandi miche. Katika nyakati za mashaka mwenye kalamu hujiandikia uhakika na kumwachia mwenzake kubahatisha. Haihitaji hata ubaya wa moyo.

Mkoa wenu unalijua hili kuliko mikoa mingine. Wakazi wa Likong'o waliopisha eneo la mradi wa kuchakata gesi asilia wamesikia mengi. Juni 2022 yalisainiwa makubaliano ya awali pale Dodoma, na mitaani habari ikawa "mkataba umesainiwa, ajira hizo". Lakini makubaliano ya awali ni ahadi ya kuendelea kuzungumza. Neno moja la ziada, "awali", ndilo lililobeba uzito wote, na ndilo lililodondoka njiani.

Wakulima wa korosho mna mfano wenu. Msimu wa 2018, Serikali ilipoamua kununua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, ulifanyika uhakiki ili kangomba, yaani wanaonunua korosho kwa wakulima nje ya utaratibu rasmi, wasilipwe. Kangomba ni neno la mtaani, kila mtu anajua maana yake mpaka aulizwe mpaka wake uko wapi. Aliyekusanya korosho za ndugu watatu ili zifike ghalani ni kangomba? Aliyelipwa mbegu kwa korosho? Neno ambalo halijapimwa likawa kipimo cha nani anapata hela yake.

Na walioliwa mazao na tembo, Liwale na Nachingwea, wanajua kwamba wanacholipwa kinaitwa kifuta jasho, na mtu akijeruhiwa au kufa ni kifuta machozi. Hayo si majina ya upole tu. Serikali haikuiita fidia kwa sababu fidia ni deni linalopimwa kwa hasara, na kifuta jasho ni pole yenye viwango vyake.

Turudi kwenye kurasa zenu. Umenitajia mambo mawili, nami nakuomba utafute la tatu.

La kwanza ni miaka kumi. Kuomba kuchimba mashimo ya majaribio ni jambo la kawaida. Sheria ya Madini ya 2010 inamtaka mwenye leseni apate ridhaa ya maandishi ya mwenye eneo kabla ya kufanya kazi karibu na makazi au mashamba yaliyolimwa. Ridhaa hiyo peke yake isingenitisha. Lakini kama humo mzee ameipa kampuni haki ya kukodi shamba kwa miaka kumi, hapo si ridhaa ya utafiti tena. Ardhi ya kijiji ina njia yake chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, na upangishaji wa muda mrefu kwa kawaida huhitaji idhini ya halmashauri ya kijiji. Idhini hiyo huwa kwenye muhtasari wa kikao. Muombe mtendaji muhtasari huo. Na kama kampuni ni ya kigeni, vikwazo vinaongezeka, maana asiye raia hamilikishwi ardhi nchini ila kwa ajili ya uwekezaji ulioidhinishwa.

La pili ni "malipo ya mwisho". Kwa lugha ya mawakili maana yake ni kwamba baada ya hapa hudai tena chochote. Linganisha na sheria zetu za ardhi za 1999 zinavyosema: anayeondolewa kwenye ardhi yake alipwe fidia kamili, ya haki na ya haraka. Fidia hiyo hutokana na uthamini wa mthamini aliyesajiliwa, unaopitishwa na Mthamini Mkuu wa Serikali, ukihesabu ardhi, mazao, majengo na posho ikiwemo ya usumbufu. Hakuna mthamini aliyehesabu mikorosho ya mzee wako chini ya ule mwembe. Mkiwa na hoja moja tu ya kuishikilia, shikilieni hiyo.

La tatu, ambalo hukulitaja, tafuta kurasa za mwisho kipengele kinachosema ikitokea tofauti kati ya Kiingereza na Kiswahili, Kiingereza ndicho kitakachofuatwa. Kama kipo, ile aya ya Kiswahili ni pazia tu: inamtuliza msomaji lakini haina nguvu. Kama hakipo, mmepata bahati, kwa sababu mahakama itaona maelezo mawili yasiyolingana ndani ya karatasi moja, na utata hufasiriwa dhidi ya yule aliyeuandika.

Hata kipengele hicho kikiwepo, hakizuii ushahidi wa udanganyifu. Sheria ya Ushahidi inakataa maneno ya mdomo kuyapinga maandishi, ndiyo, lakini inaruhusu maneno hayohayo pale mtu anapotaka kuonyesha kwamba maandishi yenyewe yalipatikana kwa udanganyifu au kwa makosa. Kwa hiyo kilichosemwa chini ya mwembe ni ushahidi. Na ushahidi wa aina hiyo unaisha haraka kuliko ubwabwa wa shughuli. Wiki hii kaa na mzee, na kama yeye hueleza vizuri zaidi kwa Kimwera, aeleze kwa Kimwera. Andika ni nani alizungumza, alisema nini kuhusu muda, kuhusu hela, kuhusu shamba. Andika majina ya waliokaa karibu naye. Uliza vijana kama kuna aliyerekodi kwa simu, siku hizi hakosekani. Uliza kama kurasa tisa zilisomwa au zilifunguliwa tu pale pa kusaini. Na uliza lile ambalo hatuliulizi: kuna mtu yeyote aliyewaeleza wazee kwa lugha yao?

Nalisisitiza hili kwa sababu sisi tuliosoma tunadhani tukishatafsiri kwa Kiswahili tumemaliza kazi. Kiswahili cha sokoni mzee anacho. Lakini "haki ya kipekee", "kuhaulisha", "kukaza hukumu" ni Kiswahili cha watu wachache, na mzee wa Kimwera anaweza kuitikia "ndiyo, ndiyo" kwa heshima ya mgeni tu. Mahakamani mkalimani huitwa kwa ajili ya asiyeielewa lugha inayotumika, na kwenye kiapo cha asiyejua kusoma utaratibu unataka iandikwe kwamba alisomewa, akafafanuliwa, akaelewa. Tazameni ukurasa wa sahihi kama kuna maneno ya namna hiyo, na ni nani alishuhudia. Shahidi akiwa mfanyakazi wa kampuni, liandike.

Njia mlizonazo si nyingi. Kunyamaza ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu niliyokwisha eleza. Kushtaki moja kwa moja kwenye Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya kunawezekana, lakini kuna gharama, kunachukua muda, na mkishinda mtatakiwa kurudisha zile 300,000. Tangu 2021 baraza la kata halitoi uamuzi kwenye migogoro ya ardhi, kazi yake ni kusuluhisha, na msipite hatua hiyo kwa papara.

Mimi ningeanza na barua. Iandikeni kwa Kiswahili, ukurasa mmoja: kwamba mzee alielezwa hivi, karatasi inasema vile, hakubali vipengele fulani, hatapokea malipo zaidi mpaka yazungumzwe, na yuko tayari kurudisha aliyopokea. Nakala iende halmashauri ya kijiji na kwa Afisa Madini Mkazi. Kila nakala igongwe muhuri wa kupokelewa, na yenu ibaki nyumbani. Barua hiyo inasimamisha hoja ya "aliridhia", na mara nyingi inaifanya kampuni irudi mezani, kwa sababu yule mwenye mtaji hapendi kukuta malalamiko kwenye faili. Mkirudi mezani, ombeni karatasi mbili tofauti: ridhaa ya utafiti yenye muda mfupi na malipo ya kila shimo na kila mti utakaoharibiwa, na suala la kukodi shamba libaki siku nyingine. Ombeni nakala ya Kiswahili yenye nguvu sawa na ya Kiingereza. Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA) wanafanya kazi ya tafsiri kama hizo, na gharama ibebwe na aliyeleta Kiingereza kijijini.

Niseme ukweli wa upande wa pili pia. Madini yaliyo chini ya shamba si ya mzee, ni mali ya umma. Kinywe kikithibitika na Serikali ikaamua mgodi uwepo, hakuna barua itakayoyazuia hayo. Mnachopigania ni aondoke kwa fidia iliyopimwa, badala ya kujikuta ameshasaini kwamba alikwisha lipwa.

Kuhusu miche: shamba ni lake. Kama uthamini haujafanyika na humo ndani hakuna kipengele kinachomzuia kuendeleza eneo, apande. Piga picha za shamba kila miezi michache, zionyeshe tarehe. Uthamini ukishafanyika, nyongeza za baada yake hazihesabiwi, na hapo mambo mengine yanaanza: uthamini huo hudumu miaka miwili, na malipo yakichelewa zaidi ya miezi sita kuna riba. Hayo tutayazungumza yakifika.

Majibu ya kwenye maandishi yana mwisho wake. Usisubiri, tafuta wakili ana kwa ana ikiwa mitambo imeingia shambani, ikiwa mmepewa notisi ya kuondoka, ikiwa wanaomba hatimiliki ya kimila ya mzee "kwa ajili ya kumbukumbu", au ikiwa kuna wito wa baraza. Kama wakili ni gharama, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 imeweka watoa huduma waliosajiliwa na wasaidizi wa kisheria wilayani. Ofisi ya halmashauri ya wilaya itakuelekeza walipo. Na baraza likishatoa uamuzi msioridhika nao, mna siku 45 za kukata rufaa Mahakama Kuu. Ombeni nakala ya uamuzi kwa Kiswahili siku hiyohiyo unaposomwa.

Ukija kwa wakili, leta kurasa zote tisa, hata zile unazoona hazina maana, na ukiweza mlete mzee mwenyewe. Nitataka kwanza anisimulie yeye, kabla sijasoma karatasi.